Majuma ya vakansi: mwenye kununua achague pale ambapo jamaa yake itafika

Simu inaingia Goma usiku, kutoka Louisville ao Dallas. Kijana aliyeondoka na safari ya wakimbizi kupitia Kampala anatoa habari njema: yeye na mke wake wamenunua nyumba ya vakansi huko Florida, na wazazi wamehesabiwa ndani. Kesho yake kartiye nzima inajua. Mama anashukuru Mungu, baba anaanza kuulizia namna ya kupata viza.

Habari kama hiyo inaweza kuingia katika nyumba yoyote yenye mtoto ng'ambo, na inafaa kusikilizwa polepole. Kwa kweli kijana hakununua nyumba. Amenunua juma moja kila mwaka, ao pointi zinazolingana na juma moja, ndani ya hoteli ambayo watu wengine wengi wamenunua majuma yao pia. Wenye kusema Kiingereza wanaita biashara hiyo taimshea. Mwaka una majuma 52. Chumba kimoja kinaweza kuwa na wenyeji karibu 50, kila mmoja na zamu yake, na wote wanalipa pamoja ulinzi, maji, rangi ya ukuta na mishahara ya wafanyakazi.

Biashara hiyo si ya wezi, hata kama wezi wameizunguka. Ilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Huko Superdévoluy, kwenye milima ya Alpes ya Ufaransa, kampuni moja ya ujenzi ilitangaza mwaka 1967 kwamba ni afazali kununua hoteli kuliko kulipia chumba kila mwaka. Wazo lilivuka bahari, likakuwa sana Marekani, na mwaka 1974 kampuni ya RCI ikaanzishwa Indianapolis ili wenye majuma waweze kubadilishana: mwenye juma la milimani anamwachia mwenye juma la baharini, naye anapata la kwake.

Hapo kwenye kubadilishana ndipo shida ya wengi inaanzia. Muuzaji anasema: usijali sana unanunua wapi, kwa sababu ukishaingia, dunia yote ni yako. Leo Florida, mwaka kesho Paris, mwaka unaofuata Afrika ya Kusini. Mnunuzi anasikia neno dunia na anasahau kuuliza juu ya hoteli moja tu ambayo jina lake limeandikwa kwenye mkataba. Hiyo hoteli, tuseme hoteli mama, ndiyo kitu pekee ambacho feza yake imenunua kweli. Zingine zote ni ahadi ya kuomba nafasi, na mwenye kuomba anaweza kuambiwa kwamba hakuna.

Mfano mzuri ni klabu ya Disney, Disney Vacation Club, iliyoanza mwaka 1991, kwa sababu kanuni zake ziko wazi na watu wengi wanazijua. Mwanachama anaweza kushika nafasi kwenye hoteli mama yake miezi 11 kabla ya kufika. Kwenye hoteli zingine za klabu anaruhusiwa miezi 7 tu kabla. Tofauti ni miezi 4. Mtu anayeishi peke yake na anayeweza kusafiri wakati wowote hataisikia. Lakini jamaa yenye watoto wanne wa shule, ambayo inaweza kuondoka tu wakati wa Noeli ao katikati ya Julai, itakuta kwamba ndani ya miezi hiyo 4 wenyeji wa hoteli ile wamekwisha kuchukua vyumba vyote vizuri. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wa mkono wa pili wanaligundua kwa kuchelewa. Tangu Januari 2019, mtu anayenunua pointi za hoteli za zamani kutoka kwa mwanachama mwingine hawezi tena kuzitumia kwenye hoteli mpya ya Riviera, na anayenunua za Riviera kwa njia hiyo anabaki Riviera tu. Kampuni ilibadilisha kanuni, na hoteli mama ndiyo iliyobaki mikononi mwa mnunuzi.

Kwenye kampuni za kubadilishana kama RCI, hoteli mama ina kazi ingine tena: ndiyo bei ya mtu sokoni. Juma la wakati watu wote wanataka kusafiri, mahali watu wote wanapataka, linabadilishwa kwa urahisi. Juma la mwezi wa mvua, mahali ambapo hakuna anayeenda, halina nguvu. Mama yeyote wa soko la Virunga anaelewa hesabu hii bila kufundishwa: huwezi kwenda na mafungu mawili ya sombe ukarudi na mbuzi. Lakini muuzaji kwenye saluni yenye hewa ya baridi anasema inawezekana.

Kwa hiyo hoteli mama si jambo dogo la kumalizia mkataba. Ndiyo mkataba wenyewe. Na hapa ndipo Mkongomani, hasa yule ambaye jamaa yake iko Goma, anapaswa kuhesabu tofauti na jirani yake Mmarekani.

Hesabu ya kwanza ni kujua nani atalala kwenye kile kitanda. Kijana wa Louisville anasema wazazi wamehesabiwa ndani. Wamehesabiwa na nani? Mkataba haumpi mtu viza. Mzazi wa Goma anayetaka viza ya Marekani anapaswa kwanza kufika Kinshasa kwa mahojiano, na tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kiwanja cha ndege kikafungwa, safari ya kwenda mji mkuu wa nchi yake mwenyewe imekuwa safari ya kupitia nchi za wengine. Akifika, anaweza kukataliwa. Wakati huo juma lake la Florida linapita, na mchango wa mwaka umekwisha kulipwa. Kama kijana alinunua kwa ajili ya wazazi, basi amenunua mahali ambapo wazazi hawafiki. Kama alinunua kwa ajili yake na watoto wake wanaoishi kule, ni jambo lingine, na linaweza kuwa na akili. Lakini aliseme hivyo, asiwatie wazee ndani ya ndoto ambayo mlango wake unafunguliwa na ofisa wa ubalozi.

Hoteli ambayo jamaa ya pande zote mbili inaweza kukutana ndani yake iko mahali pengine kabisa. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 Mkongomani anaingia Kenya bila viza. Kutoka Goma mtu anaweza kwenda kwa barabara kupitia Uganda mpaka Nairobi, kisha treni inamshusha Mombasa. Ni mbali, inachosha, lakini ni njia ambayo mfanyabiashara wa nguo wa Goma anaijua kwa macho yaliyofungwa. Mtoto wa Amerika anateremka kwenye ndege, mzazi anateremka kwenye basi, wanakutana. Na kwa juma moja la pwani hakuna anayelazimika kununua kitu kwa maisha yote. Nyumba ya kupangisha inatosha.

Hesabu ya pili ni ya feza, na hapa maneno matamu yanakutana na kalamu. Marekani, bei ya wastani ya kuingia katika biashara hii imekuwa inazunguka dola 24,000 miaka ya karibuni, na mchango wa matengenezo wa mwaka, kwa wastani, umepita dola 1,000. Gawanya dola 24,000 kwa miaka 20: ni 1,200 kila mwaka. Ongeza mchango. Juma moja linagharimu zaidi ya dola 2,200, ni kusema zaidi ya 300 kwa usiku, kabla ya tiketi ya ndege na kabla ya chakula. Wengi hawana dola 24,000 mfukoni, kwa hiyo wanachukua mkopo pale pale mezani, na riba yake mara nyingi inapita asilimia 12. Mchango nao haukai mahali pamoja; unapanda. Kama upepo mkali wa bahari umeng'oa paa na bima haikutosha, wenyeji wa hoteli ile wanaandikiwa barua ya kulipa nyongeza. Si wanachama wote wa dunia wanaolipa, ni wale wa hoteli mama. Anayechagua pwani yenye vimbunga amechagua pia barua hizo.

Kwa kijana anayefanya kazi ya usiku kwenye depo ya kupanga vifurushi, dola 2,200 si takwimu tu. Ni minervali ya wadogo zake wa Goma na kodi ya nyumba ya mama. Mwaka 2025, banki za Goma zilipofunga milango, jamaa nyingi ziliishi kwa feza ya simu iliyotumwa na watoto wa nje. Mchango wa hoteli haujui habari hizo. Unakatwa kwenye kadi kila mwaka kwa tarehe yake, na mwenye kushindwa kulipa anapelekwa kwa wakusanya madeni, jina lake linachafuka kwenye rejista za mikopo. Kuna mikataba isiyo na mwisho kabisa, ambayo mzee akifa watoto wanaambiwa kwamba ni zamu yao kulipa. Watoto wanaweza kukataa uriti huo kwa njia ya sheria, lakini lazima wajue, na lazima wafanye mapema. Kwa upande huu mkataba wenye tarehe ya mwisho ni bora. Ile mikataba ya kwanza ya Disney inakwisha tarehe 31 Januari 2042. Siku hiyo mwenyeji anabaki bila kitu, ni kweli, lakini pia bila deni.

Je, mtu hawezi kuuza juma lake akichoka? Anaweza kujaribu. Juma lililonunuliwa kwa maelfu ya dola mara nyingi linatafutiwa mnunuzi kwa dola chache sana, na wapo wanaoligawa bure ili tu mchango uhamie kwa mtu mwingine. Hapo wezi wanaingia. Wanampigia simu mwenye majuma, wanamwambia mnunuzi amepatikana, kinachobaki ni kulipa kodi kidogo na gharama za karatasi. Analipa, analipa tena, mnunuzi haonekani. FBI ya Marekani ilihesabu watu karibu 6,000 walioibiwa namna hiyo na magenge ya Meksiko kati ya 2019 na 2023, na hasara ilikaribia dola milioni 300. Mwaka 2023 wizara ya feza ya Marekani iliwekea vikwazo kampuni kazaa za eneo la Puerto Vallarta, ikisema zinafanya kazi kwa faida ya genge la Jalisco. Watu hao waliibiwa kwa sababu walikuwa wameshikwa na kitu wasichoweza kuuza.

Afrika pia inajua biashara hii, na Wakongomani wanaoishi Johannesburg, Durban na Cape Town wanaweza kuieleza vizuri kuliko magazeti. Afrika ya Kusini iliitungia sheria tangu mwaka 1983. Jamaa nyingi za huko zimefurahia majuma yao milimani Drakensberg na kwenye pwani ya KwaZulu-Natal kwa miaka mingi, na sababu yake ni rahisi kuona: wanaishi kwa saa chache za gari kutoka hoteli mama. Ijumaa wanapakia watoto, jioni wamefika. Shida ilikuja zaidi na klabu za pointi, ambazo hazimpi mtu hoteli mama yenye jina, zinampa pointi tu na katalogi ya picha. Mwaka 2017 tume ya kulinda wanunuzi ya nchi hiyo ilifungua uchunguzi wa wazi juu ya klabu za vakansi, baada ya malalamiko kurundikana: mikataba isiyo na mwisho, michango inayopanda, nafasi zisizopatikana wakati wa vakansi za shule. Ni malalamiko yale yale ya Ulaya. Huko Hispania, tarehe 15 Januari 2015, mahakama kuu iliamua kwamba mikataba iliyofanywa baada ya sheria mpya ya nchi hiyo kuanza kazi Januari 1999 haiwezi kuwa ya milele. Lazima iwe kati ya miaka 3 na 50. Wakongomani wa Brussels ao Liège waliojazishwa karatasi kwenye visiwa vya Canarias wakati wa jua wanafaa kuangalia tarehe ya mkataba wao kabla ya kulipa mwaka mwingine.

Kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya kuvunja watu moyo, kwamba Mkongomani naye ana haki ya kupumzika mahali pazuri, na kwamba bila kulipa mapema hatapumzika kamwe. Hoja hii ina uzito. Watu wa Goma wanajua sana kulipa mapema ili wajikaze. Likelemba inafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo, na zile AVEC ambazo akina mama wanaweka feza kila juma zinafanya kazi kwa sababu hiyo pia. Kwa mtu anayeishi Orlando ao Atlanta, mwenye kazi ya kudumu, ambaye kila mwaka anapeleka watoto mahali pale pale, ambaye ananunua kwa mkono wa pili kutoka kwa mtu aliyechoka badala ya bei ya saluni, hesabu inaweza kukubali. Huyo amechagua hoteli mama kama mtu anavyochagua kanisa ao soko: ile ambayo ataenda kweli. Hakuna wa kumcheka. Lakini likelemba ina kitu kimoja ambacho muuzaji wa Florida hana. Zamu ya mtu ikifika anapewa feza mkononi, si ruhusa ya kuomba nafasi. Watoto watano wa jamaa moja, mmoja Texas, mmoja Ottawa, mmoja Nairobi, wawili Goma, wakiweka kila mwezi kidogo, wanaweza kupanga nyumba nzima pwani ya Kenya kila baada ya miaka miwili, na mwaka ambao vita ao ugonjwa umeingia, wanaacha, feza inabaki yao.

Na katika mambo ya kuchagua mahali, mji wa Goma wenyewe ni mwalimu mkali. Kuanzia mwaka 1928, Comité National du Kivu iligawa mashamba na viwanja kwa wazungu katika eneo hili. Walichagua kwa macho: ziwa, baridi ya milima, udongo mweusi, volkano inayong'aa usiku. Wakajenga nyumba zao za mapumziko kando ya maji, Goma, Kisenyi na Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville. Ni vigumu kusema walikosea kwa uzuri. Mtu akisimama kwenye ziwa saa kumi na mbili za jioni anawaelewa. Lakini uhuru ulikuja mwaka 1960, vita vya miaka iliyofuata vikawafukuza wengi, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo ni mali ya Serikali, na tarehe 30 Novemba mwaka ule Mobutu akatangaza kwamba biashara, mashamba na majengo mengi ya wageni yanapita mikononi mwa Wazairwa. Uzuri wa mahali ulikuwa wa kweli, na haukuwalinda. Hata leo, kwa sheria ile ile, mgeni hapewi ardhi ya Kongo kwa milele, anapewa kwa muda usiopita miaka 25 unaoweza kuongezwa. Mkongomani anayenunua juma ng'ambo ni mgeni wa namna hiyo hiyo huko. Anapaswa kuuliza sheria ya pale inamtambua kama nani, na kwa muda gani.

Mwenye kuchagua Goma kwa macho amekutana pia na moto. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani na kufunika sehemu ya kiwanja cha ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na Buhene, na siku tano baadaye wakaaji wa kartiye kumi waliamriwa kuondoka. Watu waliingia njiani na magodoro vichwani kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi. Usiku ule hakuna aliyefikiri juu ya mahali pazuri kuliko pote. Kila mtu alifikiri juu ya mahali pa karibu ambapo anajulikana, ambapo shangazi ana chumba.

Hata mahali pazuri pa karibu pana siku zake. Hifadhi ya Virunga ina nyumba za wageni ambazo wazungu wanazililia: Mikeno kule Rumangabo, kambi ya kisiwa cha Tchegera ndani ya ziwa, vile vibanda vya juu ya Nyiragongo. Mei 2018 hifadhi ilifungia watalii baada ya walinzi kushambuliwa na wageni kutekwa. Ikafungua Februari 2019. Machi 2020 ikafunga tena kwa sababu ya korona. Mtu ambaye angekuwa amelipia juma lake la Juni kwa miaka 20 mbele angekuwa tayari amepoteza mara mbili ndani ya miaka mitatu. Aliyelipia safari moja tu alisubiri, akaenda mahali pengine. Bujumbura vilevile: kwa miaka mingi jamaa za Kivu zilishuka kwenye fukwe zake za Tanganyika kwa mapumziko, mpaka Januari 2024 Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda, na wa Goma waliozoea kupitia Gisenyi na Huye wakatafuta njia ingine.

Watu wa eneo hili wanajua basi kwamba barabara inaweza kukatika na mpaka unaweza kufungwa kati ya chakula cha asubuhi na cha mchana. Ajabu ni kwamba mtoto wa watu hao hao, akifika Orlando, anatia sahihi karatasi ya miaka 40 baada ya dakika 90 za maelezo. Inafahamika namna gani. Amepewa chakula cha asubuhi cha bure na tiketi za bei ya chini za kupeleka watoto kumwona Mickey. Ameitwa bwana na bibi na watu wenye suti. Wameambiwa kwamba bei hii ni ya leo tu, na kwamba wakitoka mlangoni inapanda. Baada ya miaka ya kambi, ya foleni na ya karatasi za ukimbizi, kuna mtu anayesema: ninyi pia ni wenyeji hapa. Neno hilo lina nguvu kuliko hesabu yoyote, na muuzaji analijua vizuri.

Bei ya leo tu haiko. Kesho itakuwapo, na juma lijalo pia, na mara nyingi iko chini zaidi kwenye mkono wa pili. Mwenye kuingia saluni hiyo anaweza kula chakula, kuchukua tiketi na kuomba apewe mkataba aende nao hotelini ausome. Wakikataa kumpa, amekwisha kupata jibu. Wakimpa, atafute jina la hoteli mama, tarehe ya mwisho, mchango wa mwaka huu na wa miaka mitano iliyopita, na mistari inayoeleza namna ya kutoka. Kama Kiingereza chake ni cha kazini tu, asione haya kumpigia avoka ao hata mwalimu wa watoto amsaidie kusoma. Huko Ulaya sheria ya Umoja wa nchi za Ulaya, ya mwaka 2008, inampa haki ya kupata mkataba kwa lugha ya nchi anakoishi, na inakataza kumlipisha hata senti kabla ya siku 14 za kufikiri kwisha.

Na kama sahihi imekwisha kuwekwa, saa inahesabu. Ulaya ni siku 14. Nevada, ambako ndiko Las Vegas, ni siku 5. Florida ni siku 10, na zinahesabiwa kalenda nzima, Jumapili ndani yake. Barua ya kuvunja mkataba lazima iandikwe na itumwe kwa anwani iliyo kwenye mkataba. Ikipelekwa kwa posta, muhuri wa tarehe wa posta ndio unaohesabiwa, kwa hiyo mtu abaki na risiti. Kumpigia muuzaji simu hakuvunji kitu. Mara nyingi yeye ndiye atasema subiri mpaka siku ya kumi na moja.